Hosti imepotea usiku wa manane: ubovu wa kuhamia swichi sambazi na vyanzo vyake

Simu ililia saa saba na robo usiku. Mimi nilikuwa Ntinda, kitandani. Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa Mbarara, karibu kilomita 270 kutoka Kampala, peke yake na rafu ya seva za SACCO moja.

“Mzee, samahani kukuamsha. Hosti ya pili imepotea.”

“Imepoteaje?”

“Nilikuwa nahamisha vmk0 kwenda swichi sambazi. vCenter ikaandika haijibu. Sasa... ngoja kwanza, mzee. Imerudi. Imerudi yenyewe, lakini vmk0 iko palepale pa zamani.”

Nilimwambia asibonyeze kitu, tuongee kwanza. Kwa asiyezoea: hosti ni seva inayoendesha mashine pepe (kompyuta za programu) kwa ESXi, sehemu ya vSphere ya VMware; vCenter ndiyo inayozisimamia hosti zote; na vmk0 ni kadi pepe ambayo hosti huitumia kuongea na vCenter. Mengi ya yaliyomo humu ndiyo tuliyoongea usiku ule, pamoja na mengine niliyoyaokota kwenye vyumba vya seva hapa Kampala na kwingineko. Nimeyapanga kwa dalili, maana saa saba usiku hakuna anayetafuta nadharia. Mtu anatafuta kile anachokiona kwenye skrini.

Kabla ya kulaumu swichi mpya

Swichi sanifu (standard switch), ambayo ni swichi ya programu, huishi ndani ya hosti moja. Ukiwa na hosti tatu una swichi tatu, na kila moja imesanidiwa na mtu fulani siku fulani, pengine mtu aliyekwisha kuacha kazi. Swichi sambazi (distributed switch), iliyokuja na vSphere 4.0 mwaka 2009, hukusanya maamuzi vCenter na kuiachia kila hosti kazi ya kupitisha pakiti. Kwa hiyo vCenter ikizimika, mashine pepe zinaendelea kuwasiliana. Kinachosimama ni kubadilisha mipangilio tu. Mweleze bosi hili mapema, maana swali lake la kwanza litakuwa hilo.

Mimi naamini jambo moja baada ya kuhamisha hosti nyingi: karibu kila ubovu unaotokea siku ya kuhama ulikuwepo tangu zamani, umelala. Kuna waya uliochomekwa nusu, VLAN (mtandao uliotengwa kwa namba juu ya waya uleule) iliyosahaulika upande mmoja, mpangilio ambao mtu aliubadilisha kwenye hosti moja bila kuandika popote. Swichi sambazi inazitendea hosti zote sawa, na hapo tofauti zilizofichika zinajitokeza.

Leseni na toleo nitavipitia haraka. Leseni ya vSphere Standard haina swichi sambazi. Zamani ulihitaji Enterprise Plus. Sasa, baada ya Broadcom kuinunua VMware mnamo Novemba 2023, inakuja ndani ya vSphere Foundation na Cloud Foundation. Leseni ya majaribio ina kila kitu kwa siku 60, na ndiyo inayowadanganya watu: wanahama, wanafurahi, kisha mwezi wa tatu hosti zinajitenga na vCenter. Kuhusu toleo, swichi iliyoundwa kwa 7.0.0 haiikubali hosti ya ESXi 6.7, hosti hiyo haitakuwa kwenye orodha ya zinazooana. Unda swichi kwa toleo la hosti yako iliyo nyuma kuliko zote. Kuipandisha baadaye ni rahisi, ila kuishusha haiwezekani.

Hosti inapotea kidogo, kisha inarudi ilikokuwa

Hii ndiyo ya Mbarara. Tangu vSphere 5.1, hosti ikigundua kwamba badiliko la mtandao limeikata na vCenter, inalifuta badiliko hilo yenyewe. Kwenye matukio ya vCenter utaona imeandikwa kwamba mipangilio imerudishwa nyuma. Shukuru, halafu usirudie kitendo kilekile ukitumaini safari hii kitakubali. Wapo wanaokwenda kuuzima ulinzi huo kwenye mipangilio ya vCenter ili “upitishe”. Huko ni kutoa betri kwenye king'ora kwa sababu kinapiga kelele.

Chanzo kikubwa ni VLAN ya usimamizi. Kijana alikuwa na karatasi iliyosema usimamizi uko VLAN 20, akaandika 20 kwenye kikundi kipya cha poti (port group, poti za swichi pepe zenye mipangilio mimoja). Nikamwomba aangalie kikundi cha zamani kina namba gani.

“Hakina namba, mzee. Kimeandikwa 0.”

Basi jibu ni hilo. Swichi ya chini, ile ya chuma, ilikuwa inatoa VLAN 20 bila lebo (namba ya VLAN inayobandikwa kwenye pakiti) kwenye tranki (waya unaobeba VLAN nyingi), yaani 20 ndiyo VLAN asilia ya poti ile. Kikundi cha zamani kilipokea pakiti tupu na kuridhika. Kikundi kipya kilisubiri pakiti zenye lebo ya 20, na zilipofika bila lebo kikazitupa. Upande wa kutoka, swichi nyingi za chuma huzipokea pakiti zenye lebo hata kwenye VLAN asilia, kwa hiyo hosti inatuma na haisikii majibu. Ukiona mazungumzo ya upande mmoja kama hayo, shuku lebo kwanza. Tuliweka kikundi kipya bila VLAN, sawa na cha zamani, na vmk0 ikahama mara moja. Kuweka lebo vizuri kwenye swichi ya chuma ni kazi nzuri, lakini ipewe usiku wake.

Chanzo cha pili ni cha kiwizi zaidi. Ukibadilisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya swichi sambazi, kadi za mtandao zilizounganishwa nayo hushushwa na kuinuliwa tena. Kwa hosti hilo ni kufumba na kufumbua. Kwa swichi ya chuma ambayo poti zake hazijawekwa kama poti za pembeni, ni kuanza upya itifaki ya kuzuia mizunguko: sekunde 15 za kusikiliza, sekunde 15 za kujifunza. Sekunde 30 za kimya zinatosha kabisa kuifanya hosti iamini imekatwa. Poti zote zinazokwenda kwenye hosti za ESXi ziwekwe portfast ya tranki (mpangilio wa kuruka kusubiri huko) kabla hujaanza.

Hosti imepotea na hairudi

Hapa unahitaji skrini ya hosti yenyewe, kupitia iLO au iDRAC (vya kuidhibiti seva ukiwa mbali), au kibodi na skrini ya kuchomeka. Kama hujahakikisha kwamba iLO inafunguka kabla ya kuanza, na uko Kampala ilhali hosti iko Arua, pole sana.

Kwenye menyu ya njano, ingia “Network Restore Options”. Soma polepole, kwa sababu chaguo zinafanana. “Restore Standard Switch” huunda swichi sanifu mpya na kuhamishia usimamizi huko. Ndiyo unayoitaka mara nyingi. “Restore Network Settings” hurudisha mtandao wote kama hosti iliyosakinishwa leo, na mashine pepe zilizokuwa zikifanya kazi utazipata zimekaa bila njia. Niliwahi kumwona mtu akiibonyeza kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

Kinga ya haya yote ni kutohama kwa mkupuo. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Kwenye kazi hii asiyeshika mbili ndiye anayeponyokwa. Hosti ina angalau kadi mbili. Hamisha kadi moja, acha ya pili kwenye swichi ya zamani. Hamisha vmk0, pima. Hamisha mashine moja isiyo na uzito, pima. Kisha nyingine. Kadi ya pili ihame mwisho kabisa, ukishahakikisha hakuna kilichobaki nyuma.

Mashine moja inaongea, jirani yake imenyamaza

Dalili hii ndiyo inayokula usiku wa watu wengi. Mashine kumi zimehamia kikundi kimoja cha poti, VLAN ileile. Sita ziko hewani, nne hazipo. Unaihamisha moja ya zile nne kwenda hosti nyingine, inapona. Unairudisha, pengine inabaki mzima, pengine inanyamaza tena. Mtu anaanza kuamini mambo ya majini.

Maelezo ni haya. Kwa kawaida swichi pepe huchagua kadi ya kutokea kwa kuangalia namba ya poti ya mashine. Mashine ikihama kutoka swichi sanifu kwenda sambazi, inapata poti mpya yenye namba mpya, hivyo huenda ikapangiwa kadi nyingine kabisa. Iliyokuwa ikitokea vmnic0 kwa miaka minne leo inatokea vmnic1. Na vmnic1, huko chini kwenye swichi ya chuma, haijawahi kuruhusiwa VLAN ile. Hakuna aliyejua, kwa sababu kwenye swichi ya zamani mtu alikuwa ameiweka vmnic1 kuwa ya akiba. Kikundi kipya cha poti huja na apulinki (kadi za kutokea) zote zikiwa hai.

Ingia kwenye hosti kwa SSH, andika `esxtop`, bonyeza herufi n. Tafuta safu ya TEAM-PNIC: itakuonyesha kila mashine inatokea kadi ipi. Zile nne zilizonyamaza zote ziko kadi moja? Umemaliza uchunguzi. Mpigie mtu wa swichi ya chuma, au kama ndiye wewe, linganisha orodha ya VLAN za poti mbili hizo mstari kwa mstari. Kwenye vCenter, ukifungua kadi ya hosti utaona pia VLAN ambazo kadi hiyo imezisikia. Ile iliyopungukiwa itajitangaza.

Angalia vilevile ni waya upi umeingia wapi. Hosti zilizonunuliwa miaka tofauti hazipangi kadi sawa: vmnic2 ya hosti moja ni ya data, ya nyingine ni ya storeji. Kwenye swichi sambazi unaoanisha kadi na Uplink 1 na Uplink 2 kwa kila hosti, na ukikubali pendekezo la mchawi (wizard, dirisha la vCenter linalokuongoza hatua kwa hatua) bila kusoma, utachanganya. Nabandika karatasi ndogo kwenye rafu: hosti, kadi, poti ya swichi ya chuma. Swichi sambazi pia inaelewa LLDP, itifaki ya vifaa kujitambulisha kwa jirani, ambayo swichi sanifu haiijui (hiyo inajua CDP ya Cisco tu), kwa hiyo hata kwa swichi zisizo za Cisco unaweza kuona jina la poti iliyo upande wa pili bila kuinama nyuma ya rafu.

Kuna ndugu wa ubovu huu aliye mbaya zaidi. Kama swichi ya zamani ilikuwa inatumia mgawanyo wa IP hash (kuchagua waya kwa kukokotoa anwani za IP), basi huko chini waya mbili zimefungwa kuwa kifungu kimoja cha EtherChannel. Sasa unapohamisha kadi moja na kuacha nyingine, kama nilivyoshauri hapo juu, swichi ya chuma bado inaamini waya hizo mbili ni njia moja. Inatuma pakiti za mashine iliyohama kwenye waya uliobaki, na za iliyobaki kwenye waya uliohama. Pakiti zinapotea bila mpangilio: IP hii inapingi (inajibu jaribio la ping), ile haipingi. Kwa hosti za namna hii, katika dirisha hilohilo la matengenezo, rudisha swichi sanifu kwenye mgawanyo wa namba ya poti na vunja kifungu huko chini, ndipo uanze kuhama. Ukitaka kifungu baadaye, tumia LACP (itifaki ya kuunda vifungu hivyo), ambayo swichi sambazi inaikubali na swichi sanifu haikuwahi kuikubali.

Pingi inapita, vitu vikubwa vinakwama

vMotion (kuhamisha mashine pepe inayowaka kutoka hosti moja kwenda nyingine) inaanza, inafika asilimia chache, inagoma. NFS (storeji ya mtandao) inaonekana kisha inaganda. Pingi ya kawaida safi kabisa. Hiyo ni MTU. vmk ina 9000, swichi sambazi imebaki na 1500 iliyozaliwa nayo, au swichi ya chuma ndiyo imebaki. Pingi ya kawaida ni ndogo, inapenya popote. Tuma kubwa na ukataze isikatwe vipande:

`vmkping -I vmk1 -d -s 8972 10.20.30.12`

Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Kama vmk iko kwenye rundo la mtandao (TCP/IP stack) la vMotion, ongeza `-S vmotion`. Panga kutoka chini kwenda juu: swichi ya chuma, swichi sambazi, kisha vmk. Na kumbuka niliyosema kuhusu sekunde 30.

Faiwoli mbili, kila moja inajiona bosi

Unazo faiwoli mbili pepe zinazoshirikiana anwani moja kwa CARP au VRRP. Baada ya kuhama, kila moja inasema ndiyo kiongozi. Anwani zao binafsi zinapingi, anwani ya pamoja haipatikani, na ofisi nzima haina intaneti.

Swichi sanifu za miaka ya nyuma zilizaliwa zikikubali “MAC address changes” na “Forged transmits”, yaani mashine kubadilisha MAC (anwani ya kadi yake ya mtandao) na kutuma kwa MAC isiyo yake. Swichi sambazi inazaliwa ikizikataa, pamoja na “Promiscuous mode” (kusikia pakiti za wengine). Faiwoli kiongozi hutuma matangazo yake kwa MAC ya bandia. Swichi inaona mashine inatumia MAC isiyo yake, inatupa. Msaidizi hasikii kitu, anadhani kiongozi amekufa, anajitawaza. Ubovu huo huipata NLB ya Microsoft (ya kugawa mzigo kati ya seva) ya unicast, na ESXi iliyosakinishwa ndani ya ESXi kwa ajili ya mafunzo. Keepalived, programu ya VRRP ya Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida haiathiriki, kwa kuwa inatumia MAC halisi.

Ruhusu kwenye kikundi cha poti cha faiwoli peke yake. Usifungue swichi nzima kwa sababu ya mashine mbili.

Storeji ya iSCSI inapoteza njia

Kwenye baadhi ya matoleo, mchawi wa kuhamisha ana hatua inayochambua athari kwa iSCSI (storeji inayofikiwa kwa mtandao). Akiandika kuna athari kubwa, mwamini. vmk zilizofungwa na iSCSI hudai kila moja iwe na apulinki moja hai, na nyingine zote ziwe “Unused”; kuziweka akiba haitoshi. Unda kikundi cha poti kwa kila vmk, weka apulinki yake moja, kisha hamisha njia moja baada ya nyingine ukitazama idadi ya njia. Ukipumzika, pumzika katikati ya njia mbili zilizo hai.

Umeme ulikatika, sasa vCenter haishikani na mtandao

Betri za UPS ziliisha kabla jenereta haijawaka. Hosti zote zimelala na kuamka. Hosti iliyokuwa na vCenter haikuamka, kwa hiyo unaisajili vCenter kwenye hosti nyingine kwa mkono, unaiwasha, na kadi yake inakataa kuunganishwa na kikundi cha poti. Kikundi chenye ufungaji tuli (static binding) hugawiwa poti na vCenter, na vCenter ndiyo inayosubiri poti. Kuku na yai.

Dawa huandaliwa mapema: kikundi kimoja cha poti chenye ufungaji wa “Ephemeral” kwenye VLAN ya usimamizi. Hosti yenyewe inaweza kugawa poti zake bila kumuuliza mtu. Mimi hukiita “dharura-usimamizi” ili hata mgeni akione. Kama hukukiandaa, toa kadi moja kwenye swichi sambazi, unda swichi sanifu ya muda na uiweke vCenter hapo mpaka iamke.

Kuhusiana na hayo: ukiona folda inayoitwa .dvsData kwenye datastori (hifadhi ya mashine pepe), iache. Ndimo zinamotunzwa hali za poti ambazo HA (ulinzi dhidi ya hosti kufa) inazihitaji inapoziinua mashine kwenye hosti nyingine. Kuna kijana mwingine, hodari wa usafi, aliifuta.

Mashine haitaki kuhama, au inarudi ilikotoka

Wakati hosti moja imehama na nyingine bado, vMotion hupita kutoka swichi sanifu kwenda sambazi, ila haipiti kurudi. DRS, inayosawazisha mzigo kati ya hosti, nayo itakwama vivyo hivyo. Usiuache mseto huo ukae wiki mbili, hasa muhula wa shule unapofunguliwa na SACCO imefurika wazazi.

Snapshoti (picha ya hali ya mashine) ya zamani ikirudishwa, inarudi na kadi iliyoelekezwa kwenye kikundi cha zamani, ambacho hakipo tena. Bakapu ya kabla ya kuhama ni hivyohivyo. Zifute snapshoti zisizo na kazi kabla ya kuanza, na baada ya kuhama chukua bakapu mpya usiku uleule.

Na ukijaribu kuitoa hosti kwenye swichi ukaambiwa kitu bado kinatumika, tafuta mashine zilizozimwa na templeti (vielelezo vya kunakilia mashine mpya). Templeti hazionekani kwenye mchawi wa kuhamisha. Zigeuze kuwa mashine, badilisha kadi, zigeuze tena.

Kijana wa Mbarara alimaliza saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Nilimwomba mambo mawili kabla hajafunga laptopu. La kwanza, azime ukaguzi wa afya wa swichi sambazi, ambao tulikuwa tumeuwasha kulinganisha VLAN na MTU. Unafaa sana kwa usiku kama ule, lakini unajaza swichi za chuma MAC nyingi zisizo na kazi ukiuacha. La pili, atoe nakala ya mipangilio ya swichi nzima kwa kuisafirisha kutoka vCenter, na asiihifadhi kwenye mashine pepe iliyo ndani ya swichi hiyohiyo.

“Nimeiweka kwenye flashi, mzee.”

“Flashi iko wapi?”

“Mfukoni.”